Pumu nyumbani: nunua kifaa gani kwanza?

Tangu korona, ukiingia duka la dawa hapa Nairobi ukiulizia kifaa cha kupima mapafu, utapewa oksimita, ile ndogo ya kubana kidole inayosoma asilimia ya oksijeni kwenye damu. Ni kifaa kizuri. Lakini kama mgonjwa wako ana pumu, mimi nakiweka namba mbili.

Namba moja ni pikiflo mita, kile kibomba cha plastiki chenye mshale, kinachopima kasi ya pumzi inayotoka. Mgonjwa anavuta pumzi hadi kifua kijae, anakiziba kwa midomo, kisha anapuliza mara moja kwa nguvu zake zote. Hakitaki betri. Pumu huanza kwa kubana njia za hewa, na oksijeni ya damu hushuka baadaye sana. Mama yangu alisoma 95 kwenye kidole jioni moja huku akishindwa kumaliza sentensi. Namba ile ilitutuliza, na haikustahili kututuliza. Siku hizi mshale unashuka hata siku mbili kabla kifua hakijaanza kupiga miluzi.

Apulize mara tatu, uandike iliyo kubwa, asubuhi na jioni kwa wiki mbili akiwa mzima. Ile ya juu kabisa ndiyo kipimo chake. Akibaki asilimia 80 au zaidi ya hiyo, sawa. Kati ya 50 na 80, fuateni mpango aliopewa na daktari. Chini ya 50, inhela ya buluu (ile ya kufungua njia za hewa haraka) mkononi na safari ya hospitali. Kikiharibika, nunua cha aina ileile, maana namba za aina mbili hazilingani.

Oksimita sasa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, kwa hiyo mtu mzima wa afya akisoma 94 au 95 usishtuke. Chini ya 90 ni dharura. Jambo linaloniuma ni hili: utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kwamba vifaa hivi vilikosa kutambua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe. Kwa ngozi zetu, namba inaweza kuwa nzuri kuliko hali yenyewe, basi mwamini mgonjwa anayehema. Nunua inayoonyesha mawimbi ya mapigo, uijaribu kidoleni mwako kabla ya kulipa. Hina, rangi ya kucha na vidole vya baridi ya Julai huivuruga.

Saa janja ninaiweka mwisho. Usiamulie matibabu kwayo.

Watoto wadogo hawawezi kupuliza pikiflo vizuri. Kwao tumia simu yenye sekunde: mtoto akiwa ametulia, hesabu kifua kikipanda kwa dakika nzima. Wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, au wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, mpeleke hospitali.