Azimio la madiwani au kibao cha ukumbusho?
Vita vya Abushiri vya 1888, watu wa pwani walipopambana na Wajerumani, vikitajwa Bagamoyo, ubishi hauchelewi: madiwani wapitishe azimio la kuvikumbuka, au tusimamishe kibao ufukweni? Kwa gharama, azimio halina mpinzani: hoja, kura, muhtasari, basi. Si sheria, halimbani mtu, ila anayeomba fungu la maadhimisho mwakani ana pa kushika. Tatizo, nani hulisoma? Kibao husomwa hata na mwanafunzi anayengoja daladala. Lakini chumvi ya bahari haina adabu: chuma huota kutu, herufi hubanduka, na mchango wa kukipaka rangi upya hautolewi kwa vigelegele kama ule wa uzinduzi. Mfuko mwembamba na tarehe imekaribia? Anza na azimio. Una fundi, na mtu wa kutunza kibao? Chonga jiwe, chuma achana nacho.