Tahadhari: "prosesa na hitisinki yake, seti moja". Usilipe kabla ya kuona pini

Wauza vipuri vilivyotumika wana tangazo moja linalojirudia: prosesa (chipu kuu ya kompyuta) ya zamani ya AMD, ya soketi ya AM2, AM3 au AM4, inauzwa "pamoja na hitisinki yake ya kiwandani", yaani pande la chuma lenye feni linaloipoza. Picha zote zimepigwa kwa juu au ubavuni, na zile pini nyembamba za chini ya prosesa zinazoingia kwenye soketi haionekani hata moja. Usidhani umeongezewa feni ya bure. Mara nyingi prosesa imegandia kwenye hitisinki na kung'oka nayo, na muuzaji hataki uone chini.

Soketi hizo hushika prosesa kwa kubana pini tu; hakuna fremu ya chuma inayoikandamiza kwa juu kama kwenye LGA775, soketi ya Intel. Pesti ya joto inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki ikikauka kwa miaka, hushika kuliko soketi yenyewe. Mwenye haraka anafungua klipu ya hitisinki, anavuta, na prosesa inachomoka wenzo wa soketi ukiwa bado umefungwa. Ikitoka mshazari, pini za ukingo mmoja zinalala. Prosesa ya AM3 ina pini 938, ya AM4 ina 1331.

Baadaye zinanyooshwa kwa wembe. Omba picha ya karibu, taa ikimulika kutoka ubavuni: pini iliyowahi kulala hubaki na kigongo kwenye shina, na safu yake huonekana kama kitana kilichokaliwa. Pini hiyo ikikunjwa tena hukatika.

"Nimeijaribu, inawaka" haisaidii kitu. Pini nyingi ni za umeme, na ikikosekana moja ya hizo mashine yaweza kuwaka vizuri tu. Ikikosekana ya memori, chaneli nzima (njia moja kati ya mbili za RAM) inaweza kufa: unachomeka RAM mbili za GB 4, BIOS (programu ya ubao mama inayotangulia kuwaka) inasoma GB 4. Kwa hiyo dai picha ya BIOS yenye jumla ya RAM, chaneli zote mbili zikiwa na RAM, si jina la prosesa peke yake.

Athlon XP, prosesa za AMD za soketi ya zamani zaidi iitwayo Socket A, ni balaa jingine. Hazina kofia ya chuma ya kufunika silikoni, na hitisinki ikiinuliwa upande mmoja kona ya silikoni humeguka. Bila picha ya kona zote nne, achana nayo.

Kwa LGA775 pini ziko kwenye soketi ya ubao mama, si kwenye prosesa, basi picha unayoitaka ni ya soketi ikiwa wazi. Kagua pia miguu minne ya hitisinki. Kila mguu huzungushwa kufuata mshale wake ndipo uvutwe juu. Ukilazimishwa, ncha zake za plastiki hupasuka, na hitisinki yenye mguu mbovu hukaa upande na prosesa inachemka.

Kama seti iliyogandana imeshakufikia, rekodi video ukifungua kifurushi na uonyeshe pini kabla ya kugusa chochote. Usichomeke bisibisi kati ya prosesa na hitisinki. Pasha hitisinki kwa mashine ya kukaushia nywele dakika chache, shika prosesa kingo zake, zungusha kushoto na kulia bila kuinua mpaka ilegee.

Na anayetoa ya kwake: washa kompyuta, ipe kazi nzito dakika 10 hadi 15, zima, chomoa waya wa umeme, fungua klipu, kisha zungusha hitisinki kidogo kidogo hadi uisikie imeachia. Hapo ndipo uinue.