Paipu tatu za kaboni za milimita 16: kilicho chini ya mng'ao

Kwa miezi mitano sasa nimekuwa nikitengeneza mikono ya droni za kupimia mashamba kwa aina tatu za paipu za nyuzi za kaboni, zote zikiwa zimetangazwa kuwa na kipenyo cha nje cha milimita 16 na cha ndani cha milimita 14, na zote nimezinunua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni ambaye sitamtaja. Ya kwanza inang'aa na kuonyesha msuko unaofanana na ukili wa mkeka. Ya pili ni nyeusi iliyofifia. Ya tatu, ambayo ndiyo ya bei ya chini kabisa, ina mistari myembamba iliyonyooka kutoka ncha hadi ncha. Tangazo lilisifu wepesi na uzuri wake, lakini halikueleza hata kwa neno moja jinsi kila paipu ilivyotengenezwa.

Hiyo ya bei ya chini ni paipu ya kuvutwa. Nyuzi hupitishwa katika rezini, yaani gundi ya majimaji inayoganda kama vile epoksi, kisha huvutwa kupitia kalibu yenye moto, na kinachotokea upande wa pili ni paipu iliyokwisha kuganda, yenye uso laini na vipimo sahihi bila kusuguliwa wala kupakwa chochote. Tatizo lake ni kwamba nyuzi zote zimelala kwa urefu, hivyo paipu hustahimili kupindwa lakini haina cha kuizuia isipasuke inapobanwa au kusokotwa. Mkono wa kwanza niliufunga kwa bano la skrubu mbili, na kabla sijafika nusu ya kukaza nikasikia mlio mdogo kama wa njiti ya kiberiti inayovunjika, ufa ukakimbia karibu shubiri nzima. Kwa mbavu za tiara au mlingoti wa antena ndogo ningeinunua tena bila kusita. Kwa droni, hapana.

Mbili zilizobaki ni za kuviringishwa, na hapa ndipo suala la uso linapokuwa na uzito. Karatasi za nyuzi zilizokwisha kulowekwa rezini hukatwa na kuviringishwa juu ya fimbo ya chuma, tabaka juu ya tabaka, baadhi nyuzi zake zikifuata urefu na nyingine zikikata mshazari au kuzunguka. Kisha juu yake huzungushiwa utepe wa plastiki unaosinyaa kwa joto, na vyote huingizwa katika tanuri. Utepe unaposinyaa hukamua hewa na rezini iliyozidi. Fimbo ikichomolewa, kipenyo cha ndani hubaki sahihi kama fimbo yenyewe, lakini nje utepe huacha matuta madogo yanayozunguka kama hesi za skrubu, na kiwanda hulazimika kuchagua: kuyaacha, kuyasugua kwa mashine, au kuyasugua na kisha kupaka vanishi.

Paipu iliyofifia imesuguliwa na kuachwa hivyo. Niliipima kwa vernia, kile kipimio cha taya cha kupimia unene, sehemu kumi, nikapata kati ya milimita 15.95 na 16.00, na iliingia katika bano la alumini bila kulazimishwa. Ile inayong'aa ilisoma kati ya 16.05 na 16.25, ikagoma kuingia. Nilipoisugua kwa msasa, kwanza lilitoka vumbi jeupe la vanishi, kisha jeusi la kaboni, na karibu na ncha moja nikakuta mashine ya kiwandani ilikuwa imekula ukili hadi nyuzi zikakatika, halafu vanishi ikafunika kila kitu. Nilipoikata na kutazama ncha, niliona pia kwamba ule msuko ni tabaka la juu tu, na ndani yake kuna karatasi zilezile za nyuzi zilizonyooka. Hata hivyo msuko si pambo tupu, kwani hupunguza vibanzi unapotoboa tundu, na vanishi nzuri huilinda epoksi dhidi ya jua. Kwa gundi, lakini, vanishi ni adui, maana kiungo hushika vanishi badala ya kushika paipu. Ile iliyofifia niliipitisha msasa mwepesi, nikaifuta kwa spiriti kabla ya kuitia gundi, na haijabanduka hadi leo.

Anayekata paipu hizi azikate zikiwa na maji na avae barakoa, kwa sababu vumbi lake huwasha na pia hupitisha umeme. Likitua juu ya bodi ya kudhibiti mota, huweza kuiunguza. Na kwa sisi wa pwani, kaboni ikigusana na alumini katika hewa ya chumvi, alumini ndiyo huliwa. Bano langu moja lilianza kutoa unga mweupe, na sasa nazungushia kitambaa chembamba cha nyuzi za kioo chenye epoksi kabla ya kufunga.

Paipu iliyofifia naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeiondoa kwa sababu muuzaji hasemi tabaka zake zimepangwa kwa pembe gani, na kabla ya oda ijayo nimemwomba anitumie picha ya ncha iliyokatwa.