Namba 1,412 kati ya 2,000: uzoefu wangu na saa ya toleo maalum

Nimekaa na hii saa miaka miwili na nusu ndo nimeiuza, kwa hiyo naandika sina hasira wala mapenzi nayo tena. Jina la kampuni naliacha, makampuni kibao yanacheza mchezo huohuo.

Kilichoniponza ni namba. Wametoa saa 2,000 basi, mfuniko wa nyuma umechongwa yako ni ya ngapi, yangu ilikuwa 1,412. Muuzaji kaniambia zimebaki tatu, nikachomoa kadi hata hajamaliza sentensi. Na boksi lake sasa! La mbao, zito kama la kuhifadhia hati za kiwanja, ndani kitabu, cheti chenye saini, na glavu nyeupe, yaani glavu aisee, za kushikia saa ambayo mimi naenda kuivaa kwenye mkono huuhuu unaoosha vyombo. Kwa hayo yote nikalipa karibu mara moja na nusu ya bei ya modeli ileile ya kawaida.

Miezi minane mbele ikaanza kukimbia, sekunde 11 kwa siku, nikaipeleka kwa fundi saa. Mzee akafungua mfuniko, akaweka lenzi jichoni, kimyaaa, halafu akavuta droo akatoa saa ya mteja mwingine, ya bei ya chini kabisa, akaziweka sambamba kwenye kitambaa. Akaniambia njoo uone mwanangu. Mashine ileile! Tofauti rota, kile kipande kinachozunguka kuijaza saa nguvu ukitembeza mkono, ya kwangu imepakwa bluu na kuandikwa maneno. Na si mashine mbaya, inapiga mara nane kwa sekunde, vipuri vyake vipo na fundi yeyote anaijua, sema hela yangu ya ziada haikuingia humo, iliingia kwenye rangi, boksi na namba. Akairekebisha ikawa sekunde 3, nikamshukuru, nikatoka roho imenywea.

Usiku huo ndo nikaanza kujiuliza swali nililotakiwa kujiuliza dukani. 2,000 ni chache kwa nani? Kama duniani wanaoitaka wapo 900, basi hizo ni nyingi tena zimezidi. Rolex hawatangazi idadi ila makadirio yanasema wanatoa zaidi ya saa milioni moja kwa mwaka, hapo hakuna cha uadimu, na bado kuna modeli watu wanaandikisha jina na kusubiri weee. Halafu Daytona, modeli yao mojawapo, hizohizo zinazotoa watu roho leo, miaka ya 60 na 70 zilikuwa zinakaa kwenye kabati la duka hazina mtu, alafu ile aliyokuwa anavaa mwigizaji wa Marekani Paul Newman ikaja kuuzwa mnadani New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Zamani kilichokosekana ni wateja, saa zilikuwepo.

Kwenye magari ndo vituko zaidi. Ferrari F40 mwanzoni ilisemwa zitakuwa kama 400, zikaja kutengenezwa zaidi ya 1,300, na nani kaikataa kwa sababu hiyo? McLaren F1 zipo 106 kwa sababu wanunuzi hawakufika idadi waliyoitegemea, haikuwa ujanja wa kuwabania watu. Lexus LFA walitengeneza 500, injini ya V10, bodi ya nyuzi za kaboni, na miaka kadhaa baada ya uzalishaji kusimama mwaka 2012 kulikuwa bado na mpya hazijauzwa Marekani, leo inauzwa juu ya bei yake ya dukani. Ukimfungua mnyama kama huyo unakuta kitu ambacho hakipo kwenye gari lingine. Sasa linganisha na la rafiki yangu, lina kibati pembeni ya gia kimeandikwa "kati ya 500", rangi yake na rimu zake, injini na gia zilezile za wenzake. Halitembei, anaogopa kilomita, muda wote limechomekwa chaja ya betri kama mgonjwa. Siku aliyonipa usukani alisema nisizidi kilomita kumi, nikawa naangalia dashibodi kuliko barabara.

Nisiionee sana saa yangu. Uso wake kwa mwanga wa asubuhi ulikuwa mzuri jamani, bluu inayoelekea kijani, na kioo hakikupata mchubuko hata mmoja. Ila pia nilikuwa naivua nikifungua boneti, naivua nikibeba mtoto, mwishowe inalala kwenye boksi mimi nachungulia muda kwenye simu.

Kuiuza nimepata kama asilimia 60 ya nilichotoa. Hakuna mnunuzi hata mmoja aliyeniuliza habari za namba, wote waliuliza lini ilifanyiwa sevisi. Nikachukua iliyotumika ya modeli ya kawaida, mashine ileile, na chenji ikabaki. Wiki ya kwanza tu nimeigonga kwenye komeo la geti, ina mkwaruzo wa urefu wa punje ya mchele upande wa kulia, na nimeendelea kuivaa.

Glavu nilisahau kumpa mnunuzi. Nafutia miwani.