Kopo la kuficha: kagua mpira kabla ya kuuliza bei

Mtalii wa Kiitaliano ndiye aliyenipasha habari. Alilifuata kopo langu la mchezo wa jiokeshi kwa GPS mpaka chini ya mivinje, ufuoni hapa Malindi, akalifungua, kisha akaniandikia kwa adabu kwamba amelipata lakini karatasi imekuwa uji. Alasiri ileile nikaenda mwenyewe. Kijitabu cha kusaini kimevimba kama mkate uliosahauliwa kwenye chai, penseli imeota ukungu, na chini kuna maji ya kumtosha kuku. Kopo lenyewe zima. Klipu nne zote zimefungwa, ufa hakuna. Nililinunua hapahapa mjini kwa shilingi 450, na muuzaji akaniapia kwamba hata nikilitupa Bahari ya Hindi haliingii tone.

Tangu niliposimulia kisa hicho, wasomaji wanne wameniletea msiba wao, wawili wakiwa wa Lamu. Basi leo tununue kopo pamoja.

Kwa mgeni wa mchezo: jiokeshi ni kusaka makopo yaliyofichwa na wenzako. Mtu anaficha kopo lenye kijitabu, anachapisha namba za latitudo na longitudo, wewe unazifuata kwa simu, unalipata, unatia saini na kulirudisha palepale. Tarehe 2 Mei 2000 Marekani iliondoa kosa lililokuwa likitiwa makusudi katika mawimbi ya GPS ya raia, na kesho yake tu Dave Ulmer akaficha ndoo ya plastiki karibu na Beavercreek, Oregon, akaifukia nusu. Ndani alitia, miongoni mwa vingine, kopo la maharagwe. Siku hizi kufukia ni marufuku na chakula ni marufuku. Hili la chakula lina sababu yenye mkia, nitaifikia.

Watu hubishana ni lini mwanagenzi anakuwa mzoefu. Wengine huhesabu: makopo 20, 100, 1000. Geocaching.com wenyewe hushauri usake angalau 20 kabla ya kuficha lako, ushauri mzuri kwa mtu wa Berlin, lakini huku kwetu kufikisha 20 ni nauli. Kipimo changu mimi ni masika. Ukificha kopo Februari ukaja ukalikuta kavu Juni, umehitimu. Kabla ya hapo, hata uwe umesaka mpaka nyayo zikapasuka, wewe bado mgeni wetu.

Ukubwa sitauzungumzia. Unaitwa mdogo kuanzia mililita 100 mpaka lita moja, wa kawaida kuanzia lita moja mpaka 20, yameandikwa kila mahali. Rangi nayo, chukua isiyong'aa, ukikosa paka. Idadi ya klipu ndiyo inayowalaghai wengi: mtu anasikia tak, tak, tak, tak, roho inatulia. Klipu kazi yake ni kukandamiza. Anayezuia maji ni mpira ulio ndani ya kifuniko, na sijaona mteja hata mmoja katika maduka yetu ya plastiki akiugeuza kuutazama. Mimi pia sikuugeuza.

Nyumbani niliuchokonoa kwa kijiti cha mshikaki ukatoka. Ulikuwa uzi wa mpira uliokatwa kwa wembe, ncha mbili zikakutanishwa kwenye kona moja. Hazikugandishwa wala kuchomwa, zimesogezwa tu zikaachwa zitazamane kama maharusi wenye aibu. Baada ya miezi mitatu ya jua mpira ulikuwa umenywea, na kati ya ncha hizo ukucha wangu wa kidole kidogo ulipita. Mlango wa maji ndio huo. Klipu zikakandamiza kwa nguvu zao zote, na mlango ukabaki wazi.

Sasa mbona jikoni halivuji? Hapa ndipo nilipojiona mjinga, maana kabla ya kulificha nililijaribu kwenye ndoo ya maji na likatoka kavu. Lakini jikoni kopo na maji vina joto moja. Kule mivinjeni, saa sita ya mchana hewa ya ndani inapata moto, inapanuka na kupenya nje kidogo pale mpira ulipo dhaifu. Kisha mvua ya masika inashuka kwa ghafla. Hewa iliyobaki inapoa, inanywea, na kopo linaanza kuvuta kama mtoto anayenyonya mrija. Juu ya kifuniko kuna maji, kwa hiyo linavuta maji. Kesho jua, kesho kutwa mvua, kila siku tone. Ndiyo sababu wanagenzi huapa kwamba kopo limefunguliwa na watoto. Watoto hawana kosa.

Jaribio la kweli, basi, ni hili. Tia karatasi ya shashi ndani, funga, weka kopo juani saa nzima mpaka likuunguze mkono, kisha lizamishe kwenye ndoo ya maji baridi, uliwekee jiwe juu yake kwa dakika kumi. Lifute vizuri nje kabla ya kulifungua, usije ukajidanganya kwa maji ya mkononi. Shashi ikiwa na doa, lipeleke jikoni.

Mchanga ni adui wa pili. Ufuo wa Shela ni mchanga, Malindi ni mchanga, na anayelipata kopo huwa amepiga magoti mchangani. Chembe moja ikikaa kwenye mfereji wa mpira inauinua, na mlango mwingine umefunguka. Kwa hiyo mpira lazima utoke ili uuoshe mfereji, na lazima urudi ukae bila kujikunja. Uliogandishwa kwa gundi siutaki hata kwa bure.

Haya, nipange.

Wa kwanza kwangu ni LocknLock, na sijifichi, mimi ni mpenzi. Ni kampuni ya Korea Kusini, na wafichaji wa jiokeshi wa nchi nyingi wanaipenda kuliko wanavyopenda kukubali. Mpira wake ni silikoni, wenye uwazi katikati kama mrija, kwa hiyo ukikandamizwa unalala na kujaza kila kibonde. Hauna kiungio, ni duara moja. Unatoka kwa ncha ya kijiko (usitumie kisu, ukiutoboa umejiroga mwenyewe), unaoshwa na kurudi. Bawaba za klipu ni polipropilini, plastiki inayokubali kukunjwa mara nyingi bila kuvunjika. Pindua kopo utazame namba iliyo ndani ya pembetatu: 5 ndiyo polipropilini. Ninalo la mililita 350 lililopita masika mbili karibu na Sabaki, na kijitabu kimebaki cha kuandikika. Dosari yake ni kwamba linaonyesha kila kitu kilichomo, mpita njia akaona hazina. Lipake rangi kwa nje, ila usiguse ukingo wa kifuniko.

La pili halina duka, nalo ni ile neli nene ya plastiki ambayo kiwandani hupulizwa ikawa chupa ya soda. Kabla haijapulizwa ni ndogo kama kidole gumba cha baharia, ngumu, na kifuniko chake cha kuzungusha kimeundwa kuzuia gesi ya soda isitoke. Kwa karatasi iliyoviringwa inatosha. Mimi nilipewa konzi nzima na binamu anayefanya kazi kwenye kiwanda cha maji Mombasa. Kama huna binamu, pole. Faida yake kubwa kwetu ni kwamba haina mpira wa kubeba mchanga. Ukiifuta nyuzi kwa kidole umemaliza.

La tatu ni kopo lolote la klipu lisilo na jina, mradi lipite mtihani wa jua na ndoo. Yapo mazuri, na niliwahi kupata moja sokoni kwa shilingi 200 lenye mpira wa duara kamili. Sitakutajia duka maana mzigo uliofuata, umbo lilelile na rangi ileile, ulikuja na mpira wa kuunga. Ndivyo ilivyo: hununui aina, unanunua kopo lile moja lililo mkononi mwako.

Chupa za siagi ya karanga, mikebe ya dawa, mitungi ya kahawa: usinipotezee muda. Kioo kinavunjika na kumkata mtu. Ile ya siagi ya karanga ndiyo sababu yenye mkia niliyoahidi. Msomaji mmoja aliiosha mara tatu akaificha njiani kuelekea Gede. Kima wa Gede hawajui kwamba umeosha. Siku ya pili ilikuwa juu ya mti, na kijitabu kimeraruliwa ukurasa kwa ukurasa. (Ndani ya magofu yenyewe usifiche chochote bila idhini ya Makumbusho ya Taifa. Na kwa mahali kama korongo la Nyari kule Marafa, kuna aina ya jiokeshi isiyo na kopo kabisa: mtu anasoma mandhari ya miamba na kujibu maswali. Hakuna mpira, hakuna muuzaji. Wakati mwingine naona hiyo ndiyo akili.)

Vile vidude vya chuma vyenye sumaku, vidogo kama kidonge, chumvi ya bahari itavila mpaka kifuniko kikatae kuzunguka. Na kuna wanaosoma kwamba Wamarekani hutumia masanduku ya chuma ya kuwekea risasi za bunduki, wakaagiza. Ni kweli yana mpira mzuri ajabu. Lakini Lamu imepitia marufuku ya kutoka usiku na vizuizi vya polisi barabarani. Ukimwachia mtu sanduku la kijani la kijeshi chini ya ukuta wa Langoni, atakayelisaka kwanza hatakuwa na GPS. Kopo lolote, hata la plastiki, liandike nje kwa Kiswahili kwamba ni mchezo, na utie namba yako ya simu.

Najua mwanagenzi atasema: nitalifunga ndani ya mfuko. Juala limepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na hata ungelipata, linashika maji ya mvua likalilaza kopo ndani yake kama samaki kwenye beseni. Vile vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu navyo vikishashiba unyevu havina kazi. Tia penseli badala ya kalamu ya wino, basi.

Sasa wauzaji, maana nyongo imenifika hapa.

Nilirudi kwenye lile duka na kopo langu na uzi wa mpira mkononi. "Mama, bidhaa ikishauzwa hairudi," akanionyesha kibao ukutani. Nikamwambia sitaki pesa, nataka anifungulie makopo mengine nitazame mpira kabla ya kununua. Akakataa! Yamefungwa kwa utepe, na ukifungua umenunua. Yaani papai nitaliminya, kitambaa nitakivuta, samaki nitamfunua mashavu, lakini kitu ambacho thamani yake yote iko chini ya kifuniko nikinunue kwa imani. Ushauri wangu ni mfupi: duka lisilokubali kufungua, toka. Mabanda ya sokoni hukubali, na ukienda asubuhi kabla ya watu kujaa watakufungulia hata kumi.

Jina nalo linaigwa. Nimeona makopo yenye maandishi yanayofanana sana na lile ninalolipenda, herufi moja imebadilishwa, bei nusu, na ukigeuza kifuniko unakutana na maharusi wetu wenye aibu. Ndiyo maana nakuambia usisome jina, soma mpira.

Mwalimu mmoja wa Lamu ameniandikia kwamba kopo ninalolinunua mimi Malindi kwa shilingi 700, yeye ameambiwa 1,100, na alipouliza akajibiwa kuwa ni gharama ya chombo cha baharini. Nakubali mzigo unashuka Mokowe, unavuka kwa mashua, unapanda punda. Lakini kopo la mililita 350 lina uzito gani hata limlipie punda shilingi 400? Na mgeni aliyesimama nyuma yake, anasema, alitajiwa 1,500 kwa kopo lilelile. Nimemwambia asubiri; nina jamaa anayesafiri Amu mwisho wa mwezi, atambebea matatu, na yote nimeshayawekea jiwe kwenye ndoo.

La mivinjeni nimelibadilisha wiki iliyopita. Lile la 450 mama yangu amelichukua kuwekea vitunguu, na jana ameniuliza kwa nini linatoa jasho.