Taa na Mapambo ya Bei Nafuu: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Ukiwa na fedha kidogo za kupamba nyumba, anza na balbu. Wengi huanza na kile kinachovutia dukani: thurea (taa kubwa ya darini yenye balbu nyingi) yenye vipande vya kioo, taa ya mezani yenye kitako cha rangi ya dhahabu, saa kubwa ya ukutani. Vitu hivyo vikifika nyumbani na kukaa chini ya balbu moja kali katikati ya dari, uzuri wake wote unapotea. Nyuso zinapauka, kona zinabaki na giza, na mito uliyoichagua kwa makini inaonekana ya rangi nyingine kabisa. Kwa hiyo nimepanga vitu hapa chini kwa kigezo kimoja tu: kipi kinabadilisha chumba zaidi kwa fedha ileile.

1. Balbu za LED zenye mwanga wa joto

Hakuna kitu cha bei ndogo kinachoishinda balbu nzuri, lakini lazima usome boksi. Wati zinakuambia umeme utakaotumika, hazikuambii mwanga utakaoupata. Mwanga hupimwa kwa lumeni. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni 800 hivi, na LED inatoa kiasi hicho kwa wati 8 hadi 10. Ukikuta boksi linajisifu kwa wati na halitaji lumeni popote, lirudishe kwenye rafu.

Baada ya lumeni tazama kelvini, yaani rangi ya mwanga. Kati ya 2700 na 3000 mwanga huwa wa manjano laini, na huo ndio wa sebuleni na chumba cha kulala. 4000 ni mweupe uliotulia, unafaa jikoni na kwenye meza ya kazi. 6500 ni mweupe unaoelekea bluu. Watu wengi huununua kwa kuamini kwamba mweupe zaidi ndio wenye nguvu zaidi, kumbe lumeni zinaweza kuwa zilezile. Sebuleni mwanga huo hufanya ukuta uonekane baridi na ngozi ionekane imechoka, kwa hiyo mimi ningeuacha ghalani na kwenye gereji. Na usichanganye: balbu mbili za kelvini tofauti katika chumba kimoja huonekana kama kosa hata kwa mgeni asiyejua lolote kuhusu taa.

Kipimo cha tatu husahaulika sana, nacho ni CRI, wakati mwingine huandikwa Ra. Kinaonyesha mwanga unadhihirisha rangi za vitu kwa uaminifu kiasi gani, na kiwango cha juu kabisa ni 100. Kuanzia 80 panatosha kwa matumizi ya kawaida. Palipo na kioo cha kujipambia, kabati la nguo au picha unayoipenda, tafuta 90 au zaidi. Tofauti utaiona kwenye rangi nyekundu na ya kahawia mara tu utakapowasha.

Boksi nyingi za LED hutaja maisha ya saa 15,000 hadi 25,000, wakati balbu ya zamani ya waya iliishi saa 1,000 hivi. Adui wa muda huo ni joto. LED ina vifaa vya umeme ndani ya kitako chake, na ikifungiwa ndani ya kifuniko cha taa kisichopitisha hewa, vifaa hivyo hufa mapema. Kama taa yako imefunikwa kabisa, tafuta balbu ambayo boksi lake linasema inafaa taa zilizofungwa. Kabla ya kulipa, omba iwashwe, kisha ielekezee kamera ya simu. Ukiona mistari mizito inayotembea kwenye skrini, balbu hiyo inamemeta hata kama jicho halitambui, na kumemeta kwa namna hiyo huwachosha macho na kuwaumiza vichwa baadhi ya watu.

Mwisho, hakikisha kitako kinaingia kwenye soketi yako. E27 ni ya skrubu nene, E14 ni ya skrubu nyembamba, B22 ni ya pini mbili. Ukiwa na shaka, nenda na balbu ya zamani dukani. Zile za mrija uliojisokota zipite tu: zina zebaki kidogo ndani, na ikivunjika moja ni lazima ufungue madirisha na kuokota vipande kwa uangalifu.

2. Taa ya mezani au ya kusimama

Taa moja ya darini humwaga mwanga kutoka juu na kuweka vivuli chini ya macho. Taa mbili za chini, moja kila upande wa chumba, huondoa vivuli hivyo na kukipa chumba kina. Huhitaji fundi, na ukihama unahama nazo. Ndiyo maana naziweka mbele ya taa yoyote ya darini.

Usilipie kitako, lipia kofia ya taa. Kofia ya kitambaa cheupe au cha rangi ya maziwa hupitisha mwanga pande zote. Nyeusi huutupa juu na chini tu: inapendeza kwenye kona, ila huwezi kusoma pembeni yake. Ukiketi, ukingo wa chini wa kofia uwe karibu na usawa wa macho ili balbu isikupige usoni. Sukuma taa kidogo kwa kidole dukani uone kama inayumba, hasa kama nyumbani kuna watoto. Pima pia urefu wa waya, kwa sababu waya mfupi utakulazimisha kuweka taa palipo na soketi ya ukutani badala ya pale inapohitajika. Na kama una taa nzee yenye kitako imara, nunua kofia mpya peke yake.

3. Kioo

Kioo hakitoi mwanga, lakini kikiwekwa ubavuni mwa dirisha au nyuma ya taa ya mezani, kinaurudisha mwanga uliokwisha lipiwa. Simama hatua chache mbele yake na utazame taswira ya fremu ya mlango: ikipinda, kioo ni chembamba au kimefungwa vibaya. Fikiria pia kitakachoonekana ndani yake. Kioo kinachotazama rundo la viatu kitakuonyesha viatu mara mbili.

4. Utepe wa LED

Chini ya rafu, nyuma ya televisheni au nyuma ya ubao wa kitanda, utepe huu wenye vidoto vya taa hufanya kazi nzuri kwa gharama ndogo. Nunua wa rangi moja ya joto. Ile inayobadilika rangi kwa rimoti hufurahisha siku za kwanza, kisha wengi huiacha kwenye rangi moja. Adapta ndiyo inayoharibu kazi: zidisha wati za kila mita kwa urefu wa utepe, kisha ongeza asilimia 20, upate wati za adapta ya kununua. Volti za adapta zilingane na za utepe, 12 au 24. Kata kwenye alama zilizochorwa tu, na ufute vumbi kabla ya kubandika, la sivyo gundi itaachia. Ficha vidoto vya taa, mwanga uonekane peke yake.

5. Mito, mapazia na fremu

Vinunue baada ya balbu, na uvichague chini ya balbu hizo ukiwa nyumbani. Mapazia mepesi ya rangi angavu yatakupa mwanga wa mchana bila malipo.

6. Swichi ya kupunguza mwanga

Inafaa sana sebuleni, mradi boksi la balbu liseme inakubali kupunguzwa. Isiyokubali itavuma, itamemeta au itaungua. Mwite fundi umeme aifunge.

7. Taa ya kuning'inia na thurea

Nimeziweka mwisho kwa kuwa gharama yake huendelea baada ya kutoka dukani. Juu ya meza ya kulia, ukingo wa chini wa taa uwe sentimita 75 hadi 90 kutoka usoni mwa meza. Mahali ambapo watu wanapita, acha angalau mita 2.1 kutoka sakafuni. Kama moyo umeshaangukia thurea, hesabu soketi zake kabla ya kulipa: zikiwa nane, utanunua balbu nane, na mara nyingi ni za E14. Uliza uzito wake, umwambie fundi akague kama dari inaubeba, na utazame kama kuna namna ya kuifikia ili uifute, maana vipande vya kioo au plastiki vikishika vumbi hufifisha mwanga mapema kuliko unavyodhani.