Tahadhari wenye gari za kabreta hapa Pemba, yupo mtu anazichukua orijino anakuachieni mabaki

Asalaam alaykum jamani. Wenye Morris, Peugeot za zamani, Land Rover, hata zile Corolla KE70, khasa mlioko Chake, Wete na Mkoani, hii isomeni mpaka chini. Kuna bwana mmoja anavuka na boti kutoka Unguja, anakaa siku mbili tatu anazunguka, anasema anauza kabreta (kile kinachochanganya mafuta na hewa) orijino za Uingereza na anakufungia na taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) juu yake bei moja. Jina silitaji.

Mie nna Morris Minor 1000 ya marehemu baba, ile ya injini 1098, kabreta yake aina ya SU. Tatizo lilikuwa dogo tu, asubuhi inawaka vizuri lakini ikishapata moto inamisi na sailensi (muungurumo wa injini bila kukanyaga mafuta) haikai, nkisimama tu inazima. Yule bwana akaja akafungua boneti akasikiliza kidogo, akasema kabreta imekwisha hii, lete laki mbili na nusu nikufungie nyingine na hii mbovu naondoka nayo maana haina kazi tena. Nami nkakubali. Tena nkamtengea na chai!

Akafunga kitu kinang'ara utasema kimetoka kiwandani jana. Khalafu akailegeza distribyuta (ile inayogawa umeme kwenye plagi) akawa anaizungusha kwa mkono injini inaunguruma mpaka sauti ikapanda juu, akakaza hapo hapo, basi, hakutoa taa ya taimingi hakutoa fila geji ya kupimia uwazi hakutazama alama za kwenye puli ya injini, kazi yote kaifanya kwa masikio. Tukaenda kuijaribu, njia kaichagua yeye mwenyewe, kipande kilicho sawa, na gari wallahi ikaruka. Mlima hakutaka na mie sikujiuliza kwa nini.

Ijumaa yake nkateremka Mkoani kumpokea shangazi bandarini. Wakati wa kupanda kutoka kule chini, gari imejaa mizigo, injini ikaanza kugonga kama kokoto ndani ya kopo, nguvu hakuna, moshi mweusi nyuma, na kabla sijafika juu inachemsha. Shangazi yangu na umri wake akakaa kivulini saa nzima kwa ajili ya yule bwana.

Simu yake haipokelewi. Nkaipeleka kwa mzee mmoja wa Wete kashika spana toka ujana wake, na alichonionesha ndo ninachotaka mkijue.

Kwanza alifungua ile kofia ndogo juu ya kabreta akatoa fimbo yake ya oili, akaniambia nyanyua pistoni ya ndani ya kabreta kwa kidole uiachie. SU nzima pistoni ikishuka unasikia "tak" imegonga chini. Yangu ilikwama katikati kama imetiwa gundi. Kumbe ile kuba, yaani kifuniko cha juu cha kabreta, na pistoni yake vimetengenezwa kwa kupimana wenyewe kwa wenyewe, ukichukua kuba ya hii ukaivisha pistoni ya ile vinasuguana, na huyu bwana ndo kazi yake, anaokota vipande vya kabreta tatu nne anavisugua vinang'ara anaviunga. Akatoa na sindano inayopima mafuta, kwenye shina lake kunakuwa na herufi, gari yangu inatumia AN, iliyokuwemo ilikuwa nyingine kabisa. Kwa hiyo mafuta yanamwagika tu, plagi zote nne masizi matupu.

Sasa kwenye taimingi ndo ujanja wenyewe ulipo. Ukiizungusha distribyuta moto ukatangulia, sailensi inapanda, na kwenye sawa ukiwa peke yako gari inakuwa nyepesi, ukaona fundi huyu mchawi. Lakini cheche ikiwahi mno mlipuko unaikuta pistoni ya injini bado inapanda, unaipiga kichwani, na ukiwa na mzigo mlimani ndo hayo makokoto niliyoyasikia. Ukiendelea nayo hivyo unatoboa pistoni, Mungu aniepushe. Yaani kabreta mbovu kaificha nyuma ya taimingi mbovu, na vyote kanilipisha.

Mzee alipanga hivi, na fundi akikwambia anaanza na kabreta mwambie arudi kwao: plagi kwanza, uwazi wake inchi 0.025, halafu pointi, zile za kwenye distribyuta zinazokata umeme, uwazi milimita 0.4, khalafu taimingi, ndo mwisho kabisa kabreta. Taimingi akaiseti injini imezimwa, swichi iko oni, kwa balbu ya volti 12 tu, waya mmoja kwenye distribyuta mwengine bodi, silinda ya kwanza ikiwa inakuja juu, pale pointi zinapoachana balbu inawaka, na iwake nyuzi chache tu kabla ya pistoni ya injini kufika topu, yaani juu kabisa. Balbu ya elfu moja! Na kwenye kabreta, injini ikiwa ya moto, unanyanyua pistoni ya kabreta kidogo sana, kama milimita moja hivi haifiki. Mlio ukipanda ukabaki juu, mafuta mengi. Ikitaka kuzima, mafuta kidogo. Ikipanda kidogo ikarudi, hapo ndo penyewe. Dakika mbili, unafanya wewe mwenyewe mlangoni kwako kabla hujatoa hata shilingi.

Na linaloniuma zaidi, tatizo langu la mwanzo lilikuwa kondensa, kidude kidogo cha umeme cha kwenye distribyuta. Kondensa! Ikishika joto inakufa. Kabadilisha kwa elfu nane, kaniazima kabreta ya Morris yake iliyolala bandani, gari imetulia. Yangu haikuwa na ubaya wowote, ndo maana ile "mbovu" aliondoka nayo mbio mbio.

Nimesikia wiki hii kaonekana Konde anaulizia nani ana Land Rover. Kama atakuja kwako na SU ya kuuza, itazame kofia ya shaba ya juu, ya baba ina herufi S na H zimekwaruzwa kwa msumari, hiyo H imepinda. Ukiiona usigombane naye, mwambie akusubiri unafuata pesa, unipigie.